Aliyesimama Roshani Ijumaa Adhuhuri

Je, inafaa mtu ashukuru kwa hofu iliyompata mama yake? Nimerudi Tabora, hii ni wiki ya tatu. Nimefua nguo za safari, nimesahihisha madaftari ya kidato cha tatu, na swali hilo bado sijalipatia jibu. Nyinyi mnaniuliza jingine lililo jepesi zaidi. Mmenipigia simu, mmenisimamisha sokoni, mmoja wenu alinivuta mkono baada ya misa kabla hata sijapiga ishara ya msalaba: "Yustina, mzuka mlimwona?" Nimeona afadhali niandike mara moja, kwa utaratibu, nisije nikalisimulia jambo hili mara kumi kwa namna kumi.

Wengi wenu mnamfahamu mama yangu, Martina, lakini si wote mnaojua alikotoka. Alizaliwa Unguja, Kizimbani, kwa wazazi wa Kinyamwezi waliokwenda kwenye mashamba ya karafuu wakabaki huko. Akiwa msichana alipokewa na masista wa mjini, akavishwa nguo nyeupe za unovisi, na alikuwa amebakiza miezi michache tu aweke nadhiri. Ijumaa moja adhuhuri, akifagia peke yake ndani ya kanisa kuu la Katoliki, lile ambalo mji mzima huliita Minara Miwili, aliinua macho akamwona mwanamke aliyevaa nyeupe tupu amesimama juu, kwenye roshani ya waimbaji, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mtu. Mwanamke yule akanyanyua mikono. Mama akaelewa kwamba anafukuzwa. Aliuacha ufagio, akauacha unovisi, na wiki ileile akavuka bahari kwenda kwa mjomba wake Tabora. Akaolewa na baba, fundi wa reli, akatuzaa watano.

Hajakosa misa hata Jumapili moja ninayoikumbuka. Lakini huketi benchi la mwisho, karibu na mlango. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza sababu, akanijibu bila huzuni yoyote, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani: "Nilishaambiwa nitoke. Naketi pale ambapo nikiambiwa tena sitawasumbua watu."

Mwaka huu, baada ya kuugua mapafu na kupona, alitutangazia mezani kwamba anataka kuingia tena Minara Miwili. "Nikifukuzwa mara ya pili, nitajua," alisema. "Nisipofukuzwa, nitajua pia." Ana miaka themanini na mitatu. Mimi, niliyesoma historia chuo kikuu na kuifundisha miaka ishirini na tano, nilijikuta nikisema nitampeleka, na nitakiri kwenu kwamba moyo ulinidunda kwa furaha isiyo ya heshima. Nilitaka kumwona mzuka.

Tabora hadi Dodoma

Basi lilipata pancha baada ya Itigi. Gurudumu la akiba lilipotolewa ikaonekana nalo lina pancha, basi dereva akapanda pikipiki ya mpita njia na kuondoka na magurudumu yote mawili, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana. Tulikaa kandoni mwa barabara saa tatu. Mama alifungua kopo la asali na mihogo ya kuchemsha, akawagawia waliokuwa karibu. Mwanamke mmoja muuza vitunguu alimwuliza, kwa adabu, anakwenda wapi na umri ule.

"Zanzibar," mama akasema. "Kumwona mzuka."

Watu wakaacha kutafuna. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi nasi mkekani akasimama, akajipangusa suruali, akaenda kukaa upande wa pili wa basi juani. Yule muuza vitunguu alinivuta pembeni.

"Dada yangu, sitaki kuingilia mambo ya nyumbani kwenu. Lakini wa Zanzibar ni ghali. Yupo mmoja Singida, hata kuku hataki, anataka kaniki tu na imani. Mama wa watu utampeleka mbali hivyo?"

Nilimweleza kwamba hatuendi kwa mganga, tunakwenda kanisani. Alinitazama kwa huruma nyingi zaidi. "Hata kanisani wamo siku hizi," akasema, na kunipa vitunguu sita.

Dodoma hadi Dar es Salaam

Baba alikufa akiamini kwamba treni ni kitu chenye moshi. Mama aliingia kwenye treni ya umeme akiwa amebeba imani hiyohiyo. Alikaa wima, mkoba mapajani, akisubiri kishindo cha kuanza kwenda, na nilipomwambia kwamba tumeshaondoka Dodoma dakika kumi zilizopita alinikemea nisimfanyie mzaha. Kisha akaangalia nje, akaona milima inarudi nyuma.

"Baba yenu angeshuka," alisema. "Angesema hii si kazi, huu ni uvivu."

Baadaye, kama mtu anayeendeleza mazungumzo yaleyale, akaongeza: "Yustina, nikifukuzwa, usilie mbele ya watu." Nikamwuliza atafukuzwaje na kanisa lenye milango wazi. Alilala mpaka Morogoro.

Baharini

Bahari haikuwa mbaya, ila mimi ni mtu wa bara, na mtu wa bara boti ikiinama kidogo huanza kukumbuka dhambi zake. Mama, ambaye hakuwa amepanda chombo cha majini kwa zaidi ya miaka sitini, alikaa kama yuko kibarazani kwake. Katikati ya safari jambo la ajabu likatokea. Mhudumu alipopita, mama akamwita, akamwambia: "Mwanangu, nna kiu. Maji yapo? Na huyu bint'angu nshamwambia asile, keshakula, sasa anataka ndoo."

Niligeuka kumwangalia licha ya hali yangu. Sikuwahi kumsikia akisema hivyo maishani. Tabora husema kama sisi sote. Lafudhi ile ilikuwa imelala ndani yake tangu usichana, na harufu ya chumvi iliiamsha, bila yeye mwenyewe kujua.

Minara ndiyo iliyoonekana kwanza kwake. Mimi niliona mji mweupe na mabati. Yeye alinishika kifundo cha mkono akaelekeza kidole juu ya mapaa, palipochomoza ncha mbili za mawe. Mapadri Wafaransa waliojenga kanisa lile mwishoni mwa karne ya kumi na tisa walijua walichokifanya: walitaka mtu aione nyumba yao kabla hajakanyaga nchi kavu. Lakini ukishashuka, minara hupotea. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba kiasi kwamba unaweza kuzunguka kanisa zima na usilione, ukaulizia, ukaambiwa umeliegemea.

Jioni ile tulikula urojo karibu na nyumba ya wageni. Mama alionja, akaweka kijiko chini, akamwambia muuzaji kwamba embe haitoshi. Muuzaji, mama wa makamo aliyejifunga ushungi, akamwuliza yeye ni wa wapi.

"Wa Kizimbani."

"Na lini ulionja urojo mara ya mwisho?"

"Nlikuwa sijaota mvi."

"Basi embe ndo zilizozeeka, bibi, si mkono wangu," akasema, akamwongezea bakuli.

Kizimbani

Alhamisi tulikwenda alikozaliwa. Siku hizi ni mahali pa wageni kutembezwa kati ya viungo, nasi hatukuwa na njia nyingine ya kuingia ila kuwa wageni. Tulipewa mtembezaji, bwana mmoja mchangamfu wa kama miaka arobaini, ambaye hakuuliza lolote. Alichuma jani, akalisugua, akampa mama anuse. "Bibi, hebu bahatisha, hii nini?"

"Mdalasini."

"Ahaa! Na hii?"

"Hiliki. Na ile unayotaka kunipa sasa ni kungumanga, na uliichuma mapema, haijapasuka."

Yule bwana akacheka kwa wasiwasi. Alijaribu manjano, vanila na pilipili manga, akashindwa yote. Mwishowe, kama ada yao ilivyo, akamvisha taji la majani ya mnazi yaliyosukwa, na mama akalivaa bila kulalamika. Alisimama nalo mbele ya mkarafuu mmoja, akamweleza mtembezaji jinsi watoto walivyokuwa wakikatazwa kupanda matawi ya juu, na jinsi yeye alivyopanda. Nyumba yao haikuwepo. Hata msingi haukuwepo. Hakuonyesha kusikitika.

"Si hapa nilipoacha kitu," aliniambia tukirudi, taji likiwa bado kichwani.

Minara Miwili

Alichagua mwenyewe Ijumaa adhuhuri. Saa hiyo vichochoro vya Baghani na Shangani huwa vitupu kabisa: maduka yamefungwa, wanaume wako misikitini, paka ndio wenye mji. Tuliingia kwa mlango wa nyuma, kupitia uani, kwa sababu milango mikuu hufunguliwa kwa misa tu.

Mlinzi wa kanisa anaitwa Bwana Pius. Ana funguo nyingi kuliko milango, na hupenda mtu anayeuliza. Alituonyesha vigae vya sakafuni vilivyoletwa kwa meli, vioo vya rangi vilivyoko juu sana ukutani, na picha za Agano la Kale zilizochorwa kwenye kuta, ambazo unyevu umezila mpaka manabii wengine wamebaki miguu. Alieleza zamani Wagoa, Wakatoliki wenye asili ya Kihindi, walipojaza mabenchi ya mbele na nguo zao zilizopigwa pasi, na jinsi mabenchi yalivyobaki wazi walipoondoka visiwani. Nilimwuliza kuhusu mzuka. Hakushangaa hata kidogo.

"Yupo. Ni mwanamke wa Kiarabu, amejitanda nyeupe kutoka utosini mpaka chini. Husimama roshani ile, Ijumaa, mchana kama sasa. Wanasema alitaka kuwa Mkristo, wakwe zake wakamfungia ndani, akafa."

"Wewe umemwona?"

"Mimi Ijumaa saa hizi sipandi juu," alisema Bwana Pius, kwa heshima.

Mama hakuwa akisikiliza. Alikuwa ameshaketi benchi la mwisho. Nilimsihi asogee mbele, tumekuja mbali, akatikisa kichwa. Alikaa mikono ikiwa mapajani, akitazama juu, na mimi nilisimama kando yake nikihisi damu inakwenda mbio kama ya mtoto. Dakika kumi zikapita. Dakika ishirini. Njiwa mmoja aliruka kutoka mhimili mmoja hadi mwingine na nusura anitoe roho.

"Sikufukuzwa," mama akasema hatimaye.

"Basi! Si ndilo ulilotaka kulijua?"

"Lakini hayupo, Yustina. Asiyekuwepo hawezi kukufukuza wala kukukaribisha." Akaelekeza kidole juu. "Panda wewe. Simama alipokuwa. Nataka kuona mtu anaonekanaje kutoka hapa."

Bwana Pius alinipa ufunguo kwa mkono wa mbali. Ngazi ni za mawe, zinazunguka ndani ya mnara, na katikati yake kuna kidirisha kidogo ambacho ukitoa uso unaiona bahari yote, buluu, hata macho yanauma baada ya giza lile. Nikatokea kwenye roshani. Chini kabisa nilimwona mama, mdogo kama shanga.

"Nyanyua mikono!" alipaza sauti.

Nikanyanyua.

Akapaza tena: "Hivyohivyo! Ila yeye hakuwa mnene!"

Nilicheka peke yangu kule juu, na nikicheka ndipo nilipoangalia pande zote kwa jicho la kazi yangu. Vioo vyote vya rangi viko juu mno, vizito, havifunguki. Hakuna nyumba ya jirani ambayo dirisha lake linaweza kuona ndani ya kanisa. Niliandika hilo kwenye daftari langu kwa mazoea tu, sikujua lina faida gani.

Dukani kwa Maryam

Mama alirudi kulala. Mimi sikuweza. Kwenye kichochoro kinachopita ubavuni mwa kanisa kuna nyumba ya zamani ya ghorofa, na chini yake duka la kanga. Mwenye duka, Maryam, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, alikuwa anafungua baada ya sala. Nilinunua doti moja, nikamwuliza kama amewahi kusikia habari za mzuka wa pale jirani.

"We! Yule mtawa?"

"Mtawa?"

"Mtawa mdogo, kavaa nyeupe. Hutembea kati ya mabenchi, hana miguu, anaelea. Mzuka wa Kikristo yule."

"Bwana Pius ameniambia ni Mwarabu, na yuko roshani."

Maryam akapiga makofi kwa kicheko. "Wakristo wana mzuka Muislamu, na Waislamu tuna mzuka Mkristo! Kila mtu kamtupia mwenzake. Mtawa ndiye, wallahi. Nyanya yangu mdogo, Bi Nasra, kamwona kwa macho yake alipokuwa kijana, akikaa nyumba hii hii. Alichungulia dirisha lake la juu, akamwona mle ndani."

Ninawaomba mnielewe. Miaka ishirini na tano nimekuwa nikiwaambia wanafunzi kwamba mashahidi wawili wakipingana, usichague mmoja, waulize walisimama wapi. Nilitoka nje ya duka, nikaangalia dirisha la juu. Lilitazama ukuta mtupu wa mawe.

"Bi Nasra yuko hai?" niliuliza, na sauti yangu haikuwa ya mwalimu.

"Yuko Michenzani, ghorofa ya nne. Kachoka miguu tu, ulimi haujachoka. Nenda, atafurahi. Hapati wageni ila sie."

Michenzani

Majumba yale ni marefu hata unachoka kuyatazama kabla ya kuyapanda. Nilipiga hodi nikiwa sina pumzi. Bi Nasra alikuwa ameketi juu ya kitanda karibu na dirisha, mwembamba, ana wanja machoni, amevaa gauni la nyumbani na ushungi wa rangi ya zambarau.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Maryam kashanipigia. Weye ndo unayenunua kanga ili uulize mizuka? Kaa. Kahawa ipo kwenye birika, mimina mwenyewe."

Alinipa kashata. Alinisimulia yaleyale ya Maryam, kwa ufundi, akishusha sauti panapostahili. Ilikuwa wazi kwamba wajukuu wote wamelelewa na hadithi ile. Alipofika kwenye dirisha nikaweka kikombe chini.

"Bi Nasra, unisamehe. Leo mchana nilikuwa juu kwenye roshani ile, na baadaye nilisimama chini ya dirisha lako la zamani. Dirisha lile halioni ndani ya kanisa."

Nilidhani nimemkosea, nikaanza kuomba radhi. Akanyanyua mkono.

"Miaka yote hii," alisema polepole, "hakuna hata mmoja aliyekwenda kutazama." Akanikazia macho. "Unaondoka lini Unguja?"

"Jumapili."

"Na si wa hapa. Na si Muislamu. Basi funga mlango."

Nikaufunga.

Alikuwa ameolewa miezi mitano tu, akasema, mume akafa kwa homa. Akakaa eda ndani ya nyumba ya wakwe. Mjane wa eda, kwa ada yao, huvaa nyeupe isiyo na pambo, hajitii manukato, haonekani na wanaume wa kando, na hatoki nje ya nyumba ila kwa dharura, miezi minne na siku kumi. Chumba chake kilitazama ukuta. Alikuwa na umri wa miaka kumi na minane.

"Nlikuwa nnataka kuiona bahari, mwanangu. Bas. Ijumaa wanaume wote wako msikitini, mama mkwe analala. Mlango wa uani wa masista huwa wazi. Ndani ya mnara pana kidirisha."

"Nimekiona."

"Umekiona! Si unaona bahari yote? Nlikwenda Ijumaa tatu. Ya nne nkasikia kitu chini, kama kwaruu, kwaruu. Nkapanda ngazi nkatokea roshani nchungulie. Nkamwona. Mtoto mdogo kavaa nyeupe gubigubi, katikati ya mabenchi, miguu hana, ananitazama. Nkajua huyu kaja kwa ajili yangu. Mjane nimetoka eda kwenda kutazama bahari, na dharura gani hiyo? Nkanyanyua mikono nkaomba dua. Nlipofumbua macho hayupo."

Birika lilikuwa limepoa.

"Ikawaje baada ya hapo, Bi?"

"Homa siku saba. Wakaniuliza nimeona nini, nkasema nimechungulia dirishani. Na eda nkajihesabia imevunjika. Imevunjika, na nani ataifunga? Nkabaki nayo, na mwenye eda haolewi. Akaja mposaji wa kwanza, nkakataa. Wa pili, nkakataa. Wa tatu alikuwa mtu mzuri, wallahi, nlimtaka. Nkakataa."

"Hukumwuliza shehe? Pengine angekwambia haikuvunjika."

"Ningemwuliza, ningesema nlikokwenda! Mjane kijana, Ijumaa, kanisani! Mama mkwe angekufa palepale, na mie ningekuwa na eda mbili." Alicheka, akanitazama nikishindwa kucheka. "We vipi? Umeona nini?"

Nilisema ni uchovu wa ngazi. Nilimbusu mkono, nikaomba nirudi kesho. Sikumwambia.

Nilitembea kwa miguu mpaka Mji Mkongwe, na nitawaambia ukweli: sehemu kubwa ya njia nilikuwa nacheka, watu wakinipisha. Nilikuwa nimeupata mzuka! Nilikuwa nimepata mizuka miwili, kila mmoja na jina lake, mmoja amelala nyumba ya wageni na taji la majani ya mnazi kwenye msumari, mwingine anakunywa kahawa Michenzani. Hakuna mwalimu wa historia aliyewahi kushika kitu kama hiki.

Karibu na soko kicheko kikaniishia. Nilianza kuhesabu ilivyomgharimu kila mmoja. Yule aliyetaka utawa aliolewa akazaa watano. Yule aliyetaka kuolewa aliishi kama mtawa. Nikimwambia mama kwamba hakufukuzwa, nitamwondolea mzigo alioubeba tangu usichana, na papo hapo nitamwambia kwamba aliacha wito wake kwa sababu ya mtoto mwenzake aliyekuwa anatetemeka. Nikimwambia Bi Nasra, nitamrudishia yule mposaji wa tatu aliyemkataa bure. Na mimi ni nani wa kupima haya? Mimi ni faida ya kosa lile. Kila mara nilipotaka kuamua, nilijikuta nikiamua kwa upande wangu.

Mama alikuwa ameamka, anakula mkate wa ufuta. Aliniuliza nilikuwa wapi. Nikasema, kununua kanga. Alinitazama kama anavyonitazama tangu nina miaka sita nikidanganya. Kisha akageukia dirisha, akasema: "Nilifanya upumbavu kuja. Nilidhani nitajua." Hapo ndipo nilipoamua. Nisingemwambia mama lolote, wala Bi Nasra. Kila mmoja alikuwa na swali, na mwenye jibu alikuwa mwenzake, si mimi. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha mmoja mbele ya mwingine, nisiongeze neno.

Jumamosi asubuhi

Ghorofa nne zilituchukua karibu nusu saa. Mama alipumzika kila kituo cha ngazi, akishika ukuta.

"Tunakwenda kwa nani?"

"Kwa mtu aliyekuwa jirani wa kanisa zamani."

"Jirani gani anakaa mbinguni hivi?"

Nikapiga hodi. Sauti ikatujibu, tukaingia. Bi Nasra alikuwa mahali palepale juu ya kitanda, amejitia udi, amevaa gauni jipya. Waliamkiana, sabalkheri kwa sabalkheri, wakapimana kwa macho kama wanavyopimana wazee wa rika moja, kila mmoja akitafuta nani amezeeka zaidi. Mama akakaribishwa kiti. Kabla hajakaa, nikasema sentensi niliyoifanyia mazoezi tangu alfajiri.

"Mama, huyu ndiye aliyekuwa roshani. Bi Nasra, huyu ndiye aliyekuwa chini, akifagia."

Nje mtu alikuwa anapiga zulia, pu, pu, pu. Niliona rangi ikimtoka Bi Nasra usoni, kisha ikirudi. Mama alikuwa ameushika mgongo wa kiti, vidole vimekauka.

"Ulinyanyua mikono," mama akasema. Sauti yake ilikuwa ya Unguja, na ya msichana. "Ulikuwa unanifukuza?"

"Nkufukuze?" Bi Nasra alisema. "Mie ndo nliyekuwa nimeingia nyumba ya watu. Nlikuwa nnamwomba Mungu anikinge na weye."

"Akukinge na mimi?"

"Na weye."

Mama akakiacha kiti. Alivuka chumba kwa hatua zake fupi, akaketi kitandani kando ya Bi Nasra, karibu kabisa, bega kwa bega. Wote wawili walikuwa wanatazama mbele, ukutani. Kisha Bi Nasra akaanza kuuliza jambo, akakatisha, akanitazama. Na mama naye akanitazama.

"Yustina," mama akasema, "tuache."

Nikatoka, nikauvuta mlango mpaka nikasikia kitasa kimeshika.